Funza wa BSF kando ya ziwa: namna ya kulinda ubora kuanzia yai hadi mfuko wa mteja

Mwezi wa saba mwaka juzi, hapa Kisesa, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nilihesabu mia moja ya funza wa nzi ninaowafuga kwa mabaki na kuwauza wawe chakula cha kuku, nikawaweka kwenye mizani ya jikoni, nikapata gramu 9. Mwezi wa tatu wa mwaka uleule mia moja walikuwa na gramu 18. Katikati ya vipimo hivyo viwili sikuwa nimepima hata mara moja. Kreti zilikuwa zinachemka kama kawaida, makombo yanaisha, kwa hiyo niliamini kazi inaenda. Aliyeona kabla yangu ni mteja, mama mmoja wa Igoma mwenye kuku wa mayai. Aliniambia, "Mwanangu, funza wako siku hizi ni punje za mpunga. Kuku wanachakura, wanawaacha chini." Nilimbishia. Baadaye nilirudi kumwomba radhi.

Ninaandika haya kwa ajili ya mfugaji ambaye tayari ana kreti zake za kukuzia funza na neti yake ya nzi wa kutaga, anajua kuvuna, ila hajui kwa nini mavuno ya mwezi huu hayafanani na ya mwezi uliopita. Nzi ninayemzungumzia ni yule mweusi, mwembamba, anayefanana na nyigu lakini hana mwiba. Kitaalamu anaitwa Hermetia illucens. Sisi wafugaji tunamwita BSF, kifupi cha jina lake la Kiingereza, black soldier fly. Hakai kwenye chakula cha watu wala haingii ndani kama nzi wa nyumbani. Akishakuwa mkubwa hana haja ya kula, anahitaji maji tu, na huishi kama wiki moja hivi. Nguvu yote ya kuruka, kupandana na kutaga anaitoa kwenye mafuta aliyojiwekea akiwa funza. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini kosa unalofanya leo kwenye kreti utaliona kwenye mayai mwezi ujao, ukiwa umeshasahau ulifanya nini.

Anza na daftari na mizani

Kabla ya kununua kreti nyingine, nunua mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, kipimajoto chenye mkia mrefu wa chuma wa kuchomeka kwenye chakula, na daftari la karatasi ngumu. Simu inafaa kupigia picha, lakini mikono ya kazi hii ina majimaji, na daftari halizimiki chaji.

Kila kundi la mayai lipe namba siku linapotagwa, na namba hiyo ilifuate hadi mwisho. Mimi natumia tarehe: kundi la tarehe 4 mwezi wa pili ni 0402. Namba naiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha mkanda wa karatasi na kukibandika kwenye kreti. Kwa kila kundi naandika uzito wa mayai, idadi ya funza siku ya tano, chakula nilichowapa na kilikotoka, joto la asubuhi na la jioni, siku ya kuvuna, uzito wa funza mia moja, na jumla ya kilo. Ni mistari michache tu. Lakini bila namba ya kundi mistari hiyo haikusaidii, kwa sababu hutaweza kurudi nyuma na kujua tatizo lilianzia wapi.

Chakula kipya kijaribiwe kwenye vikombe kwanza

Mwanza ina mabaki mengi: maganda ya viazi na ndizi kutoka kwa mama lishe, nyanya zilizooza sokoni, machicha ya pombe, pumba za mahindi na mpunga, utumbo wa sangara na sato kutoka mialoni. Wingi huo unatudanganya. Tunabeba chochote kinachooza tukidhani funza hachagui.

Mimi nilipoteza kreti kumi na moja kwa pumba. Nilizipata kwenye mashine moja ya kusaga, gunia tano kwa bei ya kutupa. Kulikucha asubuhi ya pili, funza wote walikuwa wamepanda juu, wamelegea, wengine wanajinyonganyonga. Jioni walikuwa wamekufa. Mahindi yale yalikuwa yamechanganywa na dawa ya unga ya kuzuia dumuzi, yule wengine humwita skania. Dawa iliyotengenezwa kuua mdudu wa ghalani haiwezi kumwacha mdudu wangu. Hapakuwa na harufu wala rangi ya kunionya.

Tangu siku hiyo hakuna gunia linaloingia kwenye kreti zangu bila jaribio hili. Chukua vikombe sita vya plastiki. Vitatu weka chakula kipya, vitatu weka chakula unachokiamini, kwa mfano chakula cha vifaranga kilicholoweshwa. Kila kikombe weka funza 50 wenye umri wa siku tano hadi saba, funika kwa kitambaa cha neti, weka kivulini. Baada ya saa 24 na tena baada ya saa 48 hesabu walio hai. Vikombe vya chakula cha zamani vikiwa na 48 au 50 na vya chakula kipya vina 30, usitafute sababu nyingine, chakula hicho hakifai. Vikombe vyote sita vikifa, tatizo ni funza wenyewe au mahali ulipoviweka, rudia. Ndiyo maana ni lazima viwepo vikombe vya kulinganishia. Bila hivyo jaribio halikwambii kitu.

Yapo mengine ambayo kikombe hakiwezi kukuonyesha. Funza wa BSF hukusanya mwilini madini mazito, hasa kadimiamu, naye anaweza kunenepa vizuri huku ameyabeba. Kwa hiyo chambua betri, vipande vya nyaya na mabati yenye rangi kutoka taka za soko, na usichukue mabaki yaliyochanganyika na udongo wa machimbo. Funza wa kulisha kuku usiwape mizoga ya kuku. Utumbo wa samaki una mafuta na unyevu mwingi, ukiujaza peke yake kreti inageuka supu yenye harufu kali. Mimi siuzidishi moja ya tano ya mchanganyiko, iliyobaki ni pumba na maganda.

Mayai: pima, na usiyachanganye siku

Jike mmoja hutaga kwa wastani mayai kama 500, mara moja maishani, kwenye nyufa kavu zilizo karibu na harufu ya kitu kinachochacha. Sisi tunampa vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja vikiachiana upenyo mwembamba, juu ya ndoo ya kivutio. Yakusanye kila siku, saa ileile. Ukiyaacha siku tatu halafu ukayakwangua pamoja, utapata kreti yenye funza wa umri tofauti: wakubwa watamaliza chakula, wadogo watadumaa, na siku ya kuvuna hutajua uvune lini. Funza wasiolingana ndiyo malalamiko ya kwanza ya wanunuzi, na mara nyingi chanzo chake ni uvivu wa kukusanya mayai.

Gramu moja ya mayai ina mayai kati ya 30,000 na 40,000. Mayai mazuri ni meupe yanayoelekea rangi ya krimu, yanang'aa, yameshikamana. Yaliyosinyaa na kuwa ya njano kavu yamekosa unyevu. Yakiwa kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 hutotoa ndani ya siku nne hivi.

Hapa ndipo hali ya hewa ya kwetu inapoingia. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane Mwanza ni kavu, na usiku baridi inashuka, hasa kwa sisi tulio mbali kidogo na mawe makubwa na maji ya ziwa. Mayai ndiyo yanayoumia kwanza. Mimi nayaweka kwenye boksi la plastiki lenye kitambaa kibichi pembeni, kisigusane nayo, na boksi hilo nalipandisha juu ya kreti za funza wa siku ya nane au tisa. Funza wa umri huo wanatoa joto lao wenyewe, hivyo hutumii hata shilingi ya umeme.

Siku ya tano, hesabu

Watoto wanaanguliwa juu ya chakula laini. Chakula cha vifaranga kilicholoweshwa kinafaa. Usiwape makombo bado. Siku ya tano tangu waanguliwe wachekeche taratibu kuondoa chakula kilichobaki, wapime wote, kisha chota gramu 1, imwage kwenye sahani nyeusi, hesabu. Kazi hii inachosha macho, mpe kijana mwenye macho mazuri, naye ahesabu vichoto vitatu ili upate wastani.

Tuseme uliweka gramu 1 ya mayai, na siku ya tano una gramu 80 za watoto, na katika gramu moja umehesabu 300. Una funza 24,000. Ukichukulia mayai yalikuwa 35,000, waliofika ni karibu asilimia 69. Kwangu mimi chini ya asilimia 50 ni kengele: natazama unyevu wa boksi la mayai, natazama sisimizi, kisha natazama nzi waliotaga.

Wengi huruka hatua hii, wanamwaga watoto kwenye kreti kwa kukadiria kwa kiganja. Matokeo yake kreti moja ina funza 6,000 na jirani yake ina 20,000. Ile ya kwanza chakula kinabaki, kinaoza, nzi wa nyumbani wanaingia. Ya pili funza wanashindania chakula na kutoka wadogo. Halafu mfugaji analaumu mbegu, yaani wazazi waliotaga.

Ndani ya kreti

Kipimo kinachotumika sana kwa kreti ya sentimita 60 kwa 40 ni funza 10,000 kwa kilo 15 za chakula kibichi, kikigawiwa kwa mafungu matatu ndani ya siku 12. Anza nacho, kisha daftari lako litakwambia upunguze au uongeze kulingana na chakula chako.

Unyevu pima kwa mkono. Kamata konzi ya chakula, kamua. Yakitoka matone machache kati ya vidole, ni sawa. Maji yakichuruzika, ongeza pumba. Isipotoka hata tone na konzi ikavunjika unapoifungua, ongeza maji au maganda ya matunda.

Joto lipime katikati ya lundo la funza, si hewani. Nyuzi 30 hadi 37 hainitishi. Ikikaribia 40, funza wanaanza kupanda kingo na kukimbia. Wakifanya hivyo saa saba mchana na mvua hakuna, wanakimbia joto. Sambaza lundo liwe jembamba, ondoa kreti kwenye bati, fungua upande unaopokea upepo wa ziwa. Wakikimbia usiku wa mvua, wanakimbia maji. Wakitoka wakiwa weusi, hawakimbii kitu. Wamekomaa, wanatafuta mahali pakavu pa kugeuka pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nzi.

Jifunze pia kumtambua mgeni. Funza wa nzi wa nyumbani ni mweupe laini, amechongoka mbele, anakwenda haraka na kuteleza. Wetu ni bapa, ngozi yake ngumu yenye pingili zilizo wazi, kichwa kidogo cheusi. Ukiona wageni wengi juu ya kreti, mara nyingi umeweka chakula kingi kuliko wanaoweza kula. Acha kulisha siku moja, geuza chakula. Usipulize dawa ya nzi. Ninalisema hili nikijua kuna watu wamelifanya.

Sisimizi zuia kwa kuweka miguu ya meza kwenye makopo yenye maji na tone la sabuni, na yabadilishe, kwa sababu vumbi likitanda juu ya maji linakuwa daraja. Mijusi na panya, neti ya chuma.

Mbegu ndiyo hatua nyeti kuliko zote

Sasa narudi kwenye zile gramu 9. Kosa langu lilikuwa hili: kila mavuno niliuza wakubwa, kwa sababu mteja anawataka wakubwa, na waliobaki chini ya chekeche ndio niliowaacha wageuke nzi. Miezi minne nilikuwa nachagua, bila kujua, wazazi dhaifu kuliko wote. Jike mdogo hutaga mayai machache, na funza aliyeshindwa kula vizuri hana akiba ya mafuta ya kumfikisha kwenye kutaga. Baridi ya mwezi wa saba iliongezea tu.

Utaratibu wangu wa sasa ni huu. Kabla ya kuuza chochote, natenga mbegu, karibu moja ya kumi ya mavuno. Nazitoa kwenye kreti nyingi tofauti, kidogokidogo, si kreti moja iliyofanya vizuri. Sichukui waliowahi kuwa weusi peke yao wala waliochelewa peke yao; nachukua siku za katikati na pembezoni kidogo, ili nisijikute nimefuga aina moja tu ya tabia. Na mbegu haishuki chini ya maelfu kadhaa kwa kila kizazi. Kundi dogo linalozaana lenyewe kwa lenyewe hudhoofika polepole: mayai yasiyototoa yanaongezeka, nzi wenye mabawa yaliyokunjika wanaonekana, kisha siku moja neti iko kimya.

Mara mbili kwa mwaka naingiza damu mpya kutoka kwa mfugaji mwingine, au kwa nzi wa mwituni wanaokuja wenyewe kwenye ndoo ya makombo yaliyochacha nyuma ya nyumba. Wageni hao wanakaa peke yao kizazi kizima, mbali na neti kubwa, ili kama wana utitiri au ugonjwa niujue kabla haujahamia kwa wengine.

Pupa na nzi: majaribio mawili

La kwanza ni rahisi. Hesabu pupa 100, weka kwenye chupa pana yenye pumba kavu kidogo, funga mdomo kwa neti. Baada ya wiki mbili hadi tatu hesabu nzi waliotoka salama. Napenda kuona 80 na zaidi. Waliobaki wapasue. Pupa tupu yenye tundu dogo la mviringo pembeni ina maana nyigu mdogo mweusi ametaga humo. Funika vyombo vya pupa kwa neti yenye matundu madogo zaidi, na pupa zote za kundi hilo zichome.

La pili nimeliazima kwa watu wanaofuga nzi wa matunda kwa ajili ya kuwaachia mashambani. Kata bomba la plastiki urefu wa sentimita 10, lipake poda ya mtoto ndani ili nzi asiweze kupanda kwa miguu, lisimamishe juu ya pupa 100 ndani ya neti. Anayeweza kuruka atatoka. Asiyeweza atabaki chini. Ukihesabu waliobaki unajua una nzi wangapi wa kutembea tu. Nzi wa BSF hupandana akiwa na mwanga mzuri na nafasi ya kuruka, kwa hiyo asiyeruka hakuletei mayai.

Majaribio ya namna hii hayakuanza na sisi wauza chakula cha kuku. Mbung'o walipotokomezwa Unguja kwenye miaka ya 1990, madume yaliyohasiwa kwa mionzi yalifugwa Tanga na kuachiwa kisiwani, na kama yasingeweza kuruka na kuwashinda wa mwituni kazi yote ingekuwa bure. Na hapa ziwani, mbawakavu wa Neochetina waliofugwa kwa wingi na kuachiwa wale magugu maji miaka hiyohiyo walitakiwa wafike majini wakiwa hai na wenye njaa. Kumfuga mdudu kwa wingi siku zote kumehitaji mtu wa kumpima.

Neti yenyewe iweke mahali panapopata jua la asubuhi. Nyunyiza maji mara mbili kwa siku. Siku za mawingu ya masika mayai yatapungua, usiogope wala usibadilishe kila kitu kwa siku tatu za mawingu.

Kuvuna na kukausha

Siku moja kabla ya kuvuna usiwape makombo mapya, waache kwenye pumba kavu, matumbo yasafike. Wachekeche, waoshe, wachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu. Hii inawaua haraka na kupunguza vijidudu kama salmonela. Jua peke yake halitoshi. Kisha anika kwenye trei za neti zilizoinuliwa. Sote tunawajua dagaa wenye mchanga, tunajua kuku anavyoathirika na mfugaji anavyonunua mchanga kwa bei ya dagaa. Usimfanyie mteja hivyo.

Funza aliyekauka vizuri anavunjika kwa mlio ukimbana kati ya vidole viwili. Akipinda, mrudishe juani, maana atavunda mfukoni. Akikauka, karibu theluthi moja ya uzito wake ni mafuta, na mafuta huchacha. Fungasha pasiingie hewa, weka penye kivuli, andika namba ya kundi na tarehe kwenye mfuko, na bakiza konzi moja ya kila kundi kwako kwa miezi mitatu. Siku mteja akipiga simu kusema kuku wake wameharisha, utafungua konzi ileile aliyouziwa, utaunusa na kuuona mzigo wenyewe.

Wakati wa kuchekecha funza wakavu vaa barakoa. Vumbi lao huwasha macho na kifua, na baadhi ya watu hupata mzio unaoongezeka kadiri wanavyoendelea.

Namba zikishuka, pa kuanzia

Usiguse mambo matano kwa mara moja. Fungua daftari, tafuta kundi la kwanza lililoshuka, kisha uliza: makundi mengine ya wiki hiyo yalishuka pia? Kama yote yalishuka, tazama hali ya hewa na chakula. Kama ni moja tu, tazama kreti na mkono uliolihudumia. Kama yanashuka kidogokidogo kundi baada ya kundi, kwa miezi, bila kujali chakula wala msimu, tazama mbegu.

Mimi nilianza upya na mbegu kutoka kwa mfugaji mmoja wa Magu, nikatenga, nikapima kila kundi. Kundi la kwanza lilinipa gramu 13 kwa mia, la tatu 16. Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza, nilimpelekea mama wa Igoma ndoo ya funza wabichi, nikamwaga konzi mbele ya kuku wake, tukasimama kuangalia. Hakubaki hata mmoja chini.